Michoro ya Maria Sibylla Merian ukutani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Michoro hii ni ipi, na mbona haifanani na picha nyingine za zamani za vipepeo?

Tunazungumzia picha 60 za kitabu *Metamorphosis Insectorum Surinamensium*, kilichotolewa Amsterdam mwaka 1705 kwa Kilatini na Kiholanzi. Maria Sibylla Merian, mchoraji na mchunguzi wa wadudu, alizaliwa Frankfurt mwaka 1647, akaanza kufuga viwavi wa hariri akiwa na miaka 13, na mwaka 1679 akatoa kitabu chake cha kwanza cha viwavi wa Ulaya. Mwaka 1699 alisafiri na binti yake mdogo, Dorothea, hadi Suriname, koloni la Waholanzi kaskazini mwa Amerika ya Kusini, akakaa huko hadi 1701 ugonjwa ulipomrudisha.

Wengi wa zama zile walimchora mdudu kama kitu cha kabatini: mbawa zimekunjuliwa, nyuma karatasi tupu. Jan Goedaert wa Middelburg alitangulia, miaka ya 1660, kuonyesha kiwavi, pupa na mdudu mzima pamoja, lakini mmea aliuacha nje. Merian aliuweka katikati. Kwa hiyo ukitundika picha yake umetundika pia chakula cha kiwavi, na wiki kadhaa za maisha yake zimekusanywa kwenye tawi moja.

Nianzie wapi kuisoma picha moja?

Anza na jani lililoliwa. Karibu kila picha ina majani yenye matundu au kingo zilizotafunwa. Watu hudhani ni kasoro ya chapa, au ni nondo waliokula karatasi, kumbe yamechorwa makusudi. Karibu na jani hilo utamkuta kiwavi. Kisha tafuta pupa, ambaye mara nyingi ananing'inia kwenye kikonyo au amelazwa juu ya jani, wakati mwingine na kifukofuko chake kando. Mwisho tazama mdudu mzima. Mara nyingi wapo wawili: mmoja amekunjua mbawa uone mgongo wake, mwingine amezikunja uone upande wa chini, na mrija wa kunyonyea umetoka nje ukiwa umejisokota.

Hakuna mishale wala namba za hatua, na mpangilio haufuati mzunguko wa saa. Jicho hupandishwa na shina. Yai ndilo hukosekana mara nyingi, kwa hiyo mwalimu anayetaka hatua nne kamili kwa ajili ya darasa achague picha kwa uangalifu.

Si wadudu wote wanaopitia pupa. Picha namba 1 ina nanasi linalochanua, na juu yake mende. Hapo hakuna pupa kwa sababu mende, kama nzige, hutoka kwenye yai akiwa tunutu anayefanana na mzazi wake ila hana mbawa. Merian aliandika kwamba ndio wadudu wenye sifa mbaya kuliko wote katika Amerika, kwa jinsi wanavyoharibu sufu, kitani, vyakula na vinywaji. Ni picha nzuri sana, ingawa si kila mwenye nyumba atakubali kulipia fremu ya mende.

Mimea yake naijua: muhogo, mpera, mkorosho, mpapai, komamanga. Je, na wadudu ni wa kwetu?

Hapana. Muhogo, mpera, mkorosho, mpapai na nanasi asili yake ni Amerika, vikaja kwetu kwa meli baada ya Wareno kuanza safari zao. Viwavi na vipepeo vyao havikusafiri navyo. Usitarajie kumkuta kwenye shamba la Tanga yule kipepeo mkubwa wa buluu aliye kwenye komamanga ya picha namba 9. Mende ndio wameenea kila mahali.

Michoro ina makosa?

Ipo yenye makosa, na ni vizuri kuyajua kabla mgeni hajakuonyesha. Picha namba 49 ina mdudu mmoja aliyeunganishwa: mwili wa nyenje, kichwa cha mdudu aliyeitwa mbeba taa. Maelezo yanasema kichwa hicho hutoa mwanga usiku, jambo ambalo si kweli. Picha namba 20 ina nondo mkubwa mweupe pamoja na kiwavi ambaye si wake.

Namba 18 ndiyo iliyozua ugomvi. Inaonyesha tawi la mpera, sisimizi wakatao majani, na buibui mkubwa amemlaza chali ndege mdogo anyonyaye maua. Katika karne ya 19 wakosoaji walisema huo ni uzushi mtupu, mpaka mwaka 1863 mtaalamu wa viumbe Henry Walter Bates alipoandika kwamba ameshuhudia buibui wa aina hiyo akiwa na ndege Amazon. Kosa lililobaki ni dogo: kiota kina mayai manne, na ndege hao hutaga mawili. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, aliyatumia maandiko na picha za Merian alipokuwa akiwapa viumbe majina, na jina *avicularia* alilompa buibui huyo mwaka 1758 linahusu ndege.

Picha namba 45 ina habari gani? Nimeambiwa ina historia nzito.

Ni kweli. Mmea ni ule wenye maua mekundu yenye manjano pembeni na nyuzi ndefu zilizochomoza, ambao kitaalamu huitwa *Caesalpinia pulcherrima*. Watu wa pwani wanaujua, kwani hupandwa sana kwenye bustani na kando ya ua. Pamoja nao kuna nondo na kiwavi wake wa kijani. Chini ya picha hiyo Merian aliandika kwamba wanawake waliokuwa watumwa wa Waholanzi walitumia mbegu zake kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani, na kwamba habari hiyo aliipata kutoka kwao wenyewe.

Suriname ilikuwa nchi ya mashamba ya miwa yaliyoendeshwa kwa kazi ya watumwa kutoka Afrika. Waafrika na wenyeji wa asili walimkatia Merian njia msituni na kumletea viwavi. Ukiitundika sebuleni, kipande kifupi cha maelezo pembeni hakitaharibu pambo. Kuiuza kama "ua zuri la zamani" bila neno lolote ni uvivu.

Nitatambuaje chapa ya kale na ile ya kisasa?

Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Chapa ya kale ilitokana na bamba la shaba lililochongwa mistari. Wino hukaa juu ya karatasi ukiwa na kimo kidogo, na mistari huanza nyembamba, hunenepa, kisha huisha kwa ncha. Ukiona vinukta vidogo vya rangi nne vilivyopangwa safu kwa safu, hiyo ni chapa ya kiwandani ya kisasa (ofseti), hata kama karatasi imechovywa chai ionekane kuukuu.

Kisha tazama kingo za picha. Bamba la shaba lilipokandamizwa na mashine liliacha mbonyeo wa mstatili kuizunguka picha nzima. Upitishe kidole. Ukiukosa, picha huenda imekatwa ndani ya mbonyeo (na thamani imeshuka), au ni nakala.

Hatua ya tatu ni kuinua karatasi kuelekea dirishani. Karatasi ya mwaka 1705 ilitengenezwa kwa chekeche ya nyaya, hivyo mwangani huonekana mistari myembamba iliyosongamana, ikikatwa na mistari mipana iliyoachana kwa takriban sm 2.5. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza kutumika Ulaya katikati ya karne ya 18. Mtu akikuletea "chapa ya 1705" kwenye karatasi laini, mazungumzo yameisha.

Namba nazo husaidia. Toleo la 1705 lina picha 60. Toleo la 1719, lililotoka baada ya Merian kufariki mwaka 1717, liliongezwa picha 12. Kwa hiyo picha yoyote kati ya namba 61 na 72 haiwezi kuwa ya 1705. Mabamba yaleyale yalitumika tena katika matoleo ya 1726, 1730 na 1771, na shaba huchakaa: mistari ya kivuli hupauka kadiri toleo linavyochelewa.

Kuna aina moja inayowachanganya hata wazoefu. Merian alichukua chapa iliyotoka mashineni wino ukiwa bado mbichi, akalaza juu yake karatasi nyingine na kuzikandamiza pamoja. Karatasi hiyo ya pili hupata mistari hafifu kama ya penseli, picha imegeuka kushoto kulia, na haina mbonyeo wa bamba. Baada ya kupakwa rangi hufanana na mchoro wa mkono. Hizi ni adimu na bei yake ni kubwa, kwa hiyo kukosa mbonyeo pekee kusikufanye uitupe picha kabla hujaangalia mistari na karatasi.

Mbona rangi za picha ileile hutofautiana kutoka nakala moja hadi nyingine?

Kwa sababu mashine ilichapa mistari myeusi tu. Rangi za maji zilipakwa kwa mkono, nakala kwa nakala, na mnunuzi aliweza pia kuchukua kitabu kisicho na rangi. Hakuna "rangi sahihi" moja. Tatizo ni rangi zilizopakwa karne mbili baadaye ili chapa nyeusi iuzike. Geuza karatasi: kijani cha kale chenye shaba mara nyingi huunguza karatasi taratibu na kuacha kivuli cha kahawia upande wa nyuma. Rangi mpya haina kivuli hicho, na aghalabu hupita juu ya madoa ya kahawia badala ya madoa kutokea juu yake.

Kwa ukutani, chapa isiyo na rangi si chaguo la kinyonge. Kazi ya wachongaji huonekana vizuri zaidi, na rangi haiwezi kupauka mahali isipokuwepo.

Nataka tu kuchapisha nakala nzuri ya nyumbani. Ninaruhusiwa? Faili nitapata wapi?

Merian amefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita. Hakimiliki Kenya na Tanzania hulinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake, kwa hiyo mchoro wenyewe ni wa umma. Kilichobaki ni masharti ya taasisi iliyopiga skani. Jumba la makumbusho la Rijksmuseum la Amsterdam na Biodiversity Heritage Library, maktaba ya mtandaoni, wana faili kubwa unazoweza kupakua bure. Soma maelezo ya kila picha kwanza.

Kabla ya kupakua, piga hesabu. Picha za Suriname zina kimo cha takriban sm 35, sawa na inchi 13.8. Kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji faili yenye pikseli zisizopungua 4,140 kwa kimo. Faili ya pikseli 2,000 itakupa nukta 145 tu, na kitakachoharibika kwanza ni manyoya ya kiwavi na vivuli vya mistari: vitageuka ukungu wa kijivu. Programu ya kuongeza pikseli haitakuokoa, kwani hubuni mistari ambayo mchongaji hakuichonga.

Nichapishe kwa ukubwa gani?

Ukubwa wa asili. Ukurasa wa jina wa kitabu chenyewe unasema viumbe vimechorwa kwa ukubwa wao halisi, na sehemu kubwa ya nguvu ya picha iko hapo: yule nondo mweupe wa picha namba 20 anakaribia kuujaza upana wa karatasi kwa sababu ndivyo alivyo. Ukikuza hadi A1, mende anakuwa mkubwa kama panya na mistari inakuwa minene kama ya katuni. Kama ukuta ni mpana, weka picha tatu za ukubwa wa asili.

Kosa baya kuliko la ukubwa ni kukata. Wauzaji wengi humnyofoa kipepeo mmoja, wakamweka peke yake kwenye mandhari nyeupe. Amerudishwa kwenye pini.

Fundi wa uchapishaji nimwambie nini hasa?

Mpe faili ya TIFF ikiwezekana, au JPEG ya ubora wa juu ambayo haijapitia WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huibana picha usipoituma kama hati. Kabla ya hapo fanya mambo machache wewe mwenyewe: nyoosha picha isiegemee, acha alama ya bamba na sm 1 ya pambizo nje yake, na punguza umanjano wa karatasi kwa kiasi tu. Usibonyeze kitufe cha kusawazisha rangi chenyewe. Programu huona karatasi ya krimu kama kosa, huisukuma iwe nyeupe, na kijani chote kinageuka buluu.

Omba karatasi ya pamba asilimia 100, isiyong'aa, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ichapwe kwa wino wa pigimenti. Ukubwa wa A3+ (sm 32.9 kwa 48.3) unatosha na pambizo inabaki. Kama hakuna karatasi ya pamba, chukua yoyote nene isiyong'aa na isiyo na asidi. Kataa turubai, maana nyuzi zake humeza mistari ya kuchonga. Kataa pia karatasi ya picha inayong'aa. Mashine ya leza huacha tona inayometameta kwenye sehemu nyeusi na kuonekana kama stika.

Usichape yote mara moja. Lipia kwanza kipande cha jaribio cha upana wa sm 10 kinachopita kwenye jani, ubawa na karatasi tupu, ukitazame mchana karibu na dirisha. Taa za dukani hudanganya.

Fremu iweje?

Fremu ya sm 40 kwa 50 inakaa vizuri. Kata dirisha la kadi ya pambizo (kadi nene inayoizunguka picha ndani ya fremu) likiwa sm 27 kwa 36 kama picha ni takriban 26 kwa 35, ili mbonyeo wa bamba uonekane wote. Hapo utabaki na sm 6.5 kila upande na juu, na 7.5 chini. Ile sm 1 ya ziada chini huzuia picha isionekane kama inateleza. Kadi iwe isiyo na asidi. Kadi ya kawaida huacha mstari wa kahawia kuizunguka picha baada ya miaka michache, na mstari huo hautoki.

Karatasi ishikwe juu tu, kwa vibawaba viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Mafundi wengi hubandika pande zote nne kwa selotepu au gundi nyeupe kwa nia njema. Karatasi hutanuka hewa ikiwa na unyevu. Ikifungwa pande zote haina pa kwenda, kwa hiyo inajikunja mawimbi. Ukiona mawimbi kwenye fremu mpya, sababu huwa hiyo, wala si karatasi mbovu. Nakala ya kisasa unaweza kuibandika yote kwenye ubao kama hujali kuitoa tena. Chapa ya kale, kamwe.

Kioo cha milimita 2 kwa fremu hiyo ni kama kilo 1. Kisiguse picha: unene wa kadi ndio unaotenganisha. Nyuma, kama fundi anatumia ubao wa MDF, weka karatasi isiyo na asidi kati yake na picha.

Naishi pwani. Ukungu nitauzuiaje?

Karatasi hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 55. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kwa kawaida huzidi 70, na hapo ukungu huota. Funga fremu siku kavu au kwenye chumba chenye kiyoyozi, kisha ziba nyuma kwa utepe wa karatasi. Ukiziba siku ya mvua umefungia unyevu humo humo.

Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa zina shida yake: ukuta wa nje hunyonya maji na chumvi na kuvitoa polepole. Tumia ukuta wa ndani. Kama huna budi, bandika vipande vya kizibo vya unene wa sm 1 kwenye pembe za chini za fremu ili hewa ipite nyuma. Kila baada ya miezi mitatu ishushe uikague mgongoni. Vijia vya udongo ni mchwa. Karatasi iliyokwanguliwa juu juu kama kwa wembe ni kazi ya wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaofuata wanga.

Jua la moja kwa moja ni baya popote, bara na pwani. Kwa chapa ya kale yenye rangi za maji, mwanga usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), ambao ni hafifu kuliko wengi wanavyodhani.

Nizipange vipi zikiwa nyingi?

Katikati ya picha iwe sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na nafasi ya sm 5 kati ya fremu na fremu. Usichanganye picha za Suriname na zile za vitabu vyake vya viwavi wa Ulaya kwenye safu moja, kwani hizi za mwisho ni ndogo zaidi na zitamezwa. Zipe ukuta wake, karibu na mahali mtu anapokaa.

Nani mwingine anafaa baada ya Merian?

August Johann Rösel von Rosenhof wa Nuremberg, aliyeanza kutoa picha zake za wadudu mwaka 1740: ni ndogo na zina umakini wa ajabu. Eleazar Albin (1720) na Moses Harris (1766) kwa wadudu wa Uingereza. John Abbot kwa vipepeo na nondo wa Georgia, Marekani, katika kitabu cha 1797 chenye picha 104. Abbot ndiye aliye karibu zaidi na Merian kwa mpangilio, mmea na hatua zote pamoja, na faili zake ni rahisi kupatikana.

Jikoni au bafuni inafaa?

Nakala ya bei nafuu, ndiyo, mradi isiwe juu ya jiko na ukubali kuibadilisha ikipinda. Mende wa picha namba 1 jikoni ni uamuzi wako na familia yako.